Shubaka la Sebuleni

Nyumba yetu ya Butembo ilikuwa na kosa moja, na kila mgeni aliliona kabla hajapewa kiti. Baba alipoijenga alitaka dirisha dogo kwenye ukuta wa sebule, juu kabisa, chini kidogo ya dari, ili moshi wa taa upate pa kutokea. Fundi akaacha nafasi. Kabla fremu haijaletwa, jirani wa upande ule naye akajenga, ukuta wake ukasogea karibu na wetu hadi paka tu ndiye aliyeweza kupita katikati, na dirisha likawa halina tena cha kutazama. Fundi akaliziba kwa nje kwa safu moja ya matofali, kwa ndani akapiga lipu, akapokea chake akaenda zake. Tukabaki na shubaka lenye upana wa meza ya shule, fupi kwa kimo, tena liko juu kiasi kwamba bila ngazi hulifikii. Sisi nyumbani tuliliita kashimo.

Mama yangu havumilii kitu kikae bure. Ni tabia ya mji mzima, kwa kweli. Butembo hata pembeni mwa mtaro utakuta mtu amepanda vitunguu. Lakini kwa mama tabia hiyo ni ugonjwa. Alianza kwa kuhifadhi vitunguu humo, vikachipua majani yakaning'inia juu ya vichwa vyetu. Akaweka redio. Huko juu redio ilisikika vizuri kuliko mahali popote, ila kila baba alipotaka kubadili kituo ilibidi mmoja wetu apande ngazi, na mpaka habari ziishe tulikuwa tumechoka sote. Kisha kuku mmoja mwekundu akagundua kwamba kutoka kwenye kiti anaweza kuruka juu ya kabati, na kutoka kabatini hadi shubakani. Akataga humo. Hatukujua hadi siku katekista alipotutembelea, akakaa chini yake na kikombe cha chai mkononi. Sitaeleza zaidi.

"Lakini, acha kashimo ipumuzike," baba alisema siku ile huku akifuta machozi ya kicheko.

"Ipumuzike? Imechoka na kazi gani?" mama akamjibu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa maharage. Aliyanunua kwa wakulima wa upande wa Lubero, akayapeleka Beni kwa lori, na kutoka Beni akapanda nayo ndege hadi Kinshasa, maana barabara ya kwenda kule ilishakuwa hadithi tu. Alirudi na vitenge vya kuuza, na kila mara na kitu kimoja cha kipuuzi kwa ajili ya mama: mwavuli wa mdoli, kitana chenye kioo. Vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza alikuwa Kinshasa. Vile vya kwanza vilitupita haraka, askari wakikimbia upande huu na wengine wakiingia upande ule. Hivi vya pili vilikata nchi vipande. Sisi tukawa chini ya waasi, Kinshasa ikabaki na serikali, na katikati hapakupita ndege, barua wala sauti. Kulikuwa na foni, ile redio ya kuitana ambayo unapanga foleni mbele ya kibanda kisha unampigia mtu wako kelele mtaa mzima ukisikia. Lakini foni ilifika Bunia na Goma tu. Ukitaja Kinshasa, mwenye kibanda alitazama mlangoni kwanza, halafu akakuambia urudi nyumbani.

Picha ya baba ilikaa juu ya kabati. Ilipigwa katika studio ya mjini, yeye amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, mkono mmoja mfukoni, uso ameukaza kana kwamba mpiga picha anampunja. Askari walipokuja kupekua nyumba, mchana mmoja baada ya mvua, mmoja wao aliichukua akaigeuzageuza.

"Huyu njo nani?"

"Bwana yangu," mama akasema.

"Iko wapi?"

"Alienda safari."

"Safari ya wapi?"

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alijivunia baba kuliko sisi wote, akajibu kabla mama hajafungua kinywa: "Baba iko Kinshasa!"

Askari alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku zile kuwa na mume Kinshasa kulikuwa sawa na kula sahani moja na adui. Aliitupa picha sakafuni, kioo kikavunjika, akamwambia mama kwamba watarudi kumuuliza vizuri. Wenzake walichukua redio, chupa ya chai, blanketi mbili na viatu vya kaka yangu mkubwa. Walichukua kila kitu ambacho mkono ulikifikia. Shubakani mlikuwa na beseni la nguo zetu za kanisani, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Ndiyo maana kesho yake mama alileta ngazi. Mimi, binti yake wa pekee, niliishika chini. Alilishusha beseni, akapangusa vumbi, akatandika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe kwa sindano ya ndoana, kile cha siku za sikukuu. Juu yake akaisimamisha picha ya baba, bila kioo sasa. Ikawa inatazama dari, kwa hiyo akaweka kipande cha sabuni nyuma yake ili iiname kidogo itutazame sisi. Akashuka, akarudi hadi mlangoni, akakunja uso. Pale ndani palikuwa na giza, baba alionekana shati tu. Akapanda tena na mshumaa ndani ya glasi. Bado hakuridhika, alisema upande wa kushoto uko mtupu. Akaleta maua ya plastiki aliyoyanunua Kasindi mpakani, yale mekundu na meupe, akayapanga kulia na kushoto. Halafu akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe nilimwona amependezwa na shubaka.

"Pale hakuna mutu atamugusa," alisema.

Mtoto yeyote wa Butembo anajua jinsi nyumba ya msiba inavyoandaliwa. Picha ya marehemu huwekwa mahali pa juu, juu ya kitambaa cheupe, na maua huku na huku, na mshumaa mbele yake. Mimi niliyeshika ngazi nilikuwa nimeshahudhuria matanga mengi, nikala maharage ya matanga mengi. Sikuona. Mama naye hakuona. Alikuwa anatafuta mahali pa kumweka mtu salama, na akili yake yote ilikuwa hapo.

Aliyeona ni jirani yetu wa nyuma, kiongozi wa shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa inayosali pamoja na kuzikana. Alipita kuazima ungo. Alisimama sebuleni, akainua macho. Kisha akamshika mama mikono yote miwili.

"Pole sana, mama."

"Aksanti. Balikuja mingi, balichukua kila kitu," mama akasema, akifikiria redio.

Jirani akatikisa kichwa, akaenda zake. Ungo akausahau.

Siku ya pili, jua likianza kulegea, tuliwaona wanawake wa shirika wanapanda njia yetu kwa mstari, mmoja na gunia la makaa kichwani, mwingine na maharage, wengine na bidoni za maji. Mama alifurahi. Mwezi ule rozari ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba, akadhani zamu yetu imesogezwa mbele kwa sababu ya kuibiwa kwetu. Aliwapokea, akawapa viti, akaniagiza nichemshe chai. Wakaimba. Waliimba polepole mno kwa rozari, hilo nilihisi, lakini nilikuwa jikoni na moshi. Nilirudi na birika wakati kiongozi anasali amefumba macho: "Bwana, umupokee mutumishi wako, baba ya hii nyumba, umupatie pumuziko ya milele…"

Mama akafumbua macho. "Baba ya nyumba gani?"

Mwanamke mmoja wa nyuma akanyoosha kidole taratibu kuelekea juu. Mama akafuata kidole kile kwa macho, na hapo nikamwona anaona: kitambaa, maua, mshumaa unaowaka, na baba ameinama kidogo anatutazama.

"Hapana!" akapiga kelele. "Hapana, hapana! Iko muzima! Nilimuweka pale sababu ya baaskari!"

"Nani alikuambia iko muzima?" kiongozi akauliza, kwa upole kabisa.

Na mama, ambaye sijawahi kumwona amekosa jibu, alikosa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Alijua tu, na kujua kwa namna ile huwezi kumwonyesha mtu mwingine.

Aliwaomba wachukue vitu vyao. Walikataa, hata wakakasirika kidogo, maana kwetu makaa yakishaingia nyumba ya kilio hayatoki tena. Kuyarudisha kwako ni kuualika msiba kwako. Wakaondoka wakinong'ona. Nusu yao waliamini kwamba mama amepata habari za kifo kwa siri na anaficha, labda kwa kuogopa askari. Tulipikia makaa yale kwa muda mrefu, na kila alipoyawasha mama aliyatukana. Picha hakuiondoa. Aliuzima mshumaa, akasema hawezi kumshusha mume wake kwa sababu ya midomo ya watu.

Kosa hilo la kupamba lilipanda mlima likafika Vuhovi, alikokaa kaka yake baba, yule tuliyemwita baba mkubwa. Alifika amekwisha nyoa kichwa. Alianza kulia akiwa bado njiani, akaingia uani na mbuzi na madumu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu kilio hakifanyiki bila yake, akaanguka chini mbele ya mlango akimwita mdogo wake. Hakuwa anaigiza. Nililia naye, ingawa mama alikuwa amesimama juu yetu akisema, "Inuka, shemeji. Inuka. Hakuna mutu alikufa."

Walipokaa, baba mkubwa alisema aliyokuja nayo. Alisema miaka inapita na hakuna aliyemwona ndugu yake wala kumsikia. Alisema ukoo umekaa, umeona matanga yafanyike, watu wanyolewe, kisha mambo yapangwe: kiwanja na nyumba virudi mikononi mwa ukoo, sisi watoto twende Vuhovi, na mama achukuliwe na mdogo wao wa mwisho ili asitupwe.

"Mimi nimechoka kungoya," alisema. "Mutu akikufa, tunalia, tunanyoa, tunamaliza. Hii ya kukaa bila kujua inanikula."

"Inakukula wewe, ao wewe njo unataka kukula parseli?" mama akamuuliza, maana parseli ndicho kiwanja.

Nikisema haki, alitaka vyote viwili. Alitaka kumlilia mdogo wake mpaka basi, na kiwanja cha mjini alikitaka pia. Sidhani alijua wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Lakini jibu alilolitoa lilimfunga mama kabisa: "Nani alimuweka pale juu na maua? Njo sisi? Wewe mwenyewe ulimuweka."

Ikaamuliwa kwamba ukoo utakuja Jumapili baada ya misa, pamoja na watu wa shirika, na mambo yamalizwe. Kaka yangu mkubwa akaanza kuuliza Vuhovi kuna shule gani. Nilimpiga kofi. Usiku na mchana niliitazama kila kona ya nyumba ile kwa macho ya mtu anayeaga. Ijumaa mama alikwenda studio, ileile ya mjini. Jumamosi alileta ngazi.

Jumapili walipoingia, shubaka lilikuwa limejaa. Baba yuko katikati. Kulia kwake mama mwenyewe, picha mpya, amevaa kitenge chake cha kijani na hatabasamu. Kushoto mimi na kaka yangu katika nguo za komunyo. Mbele kidogo, wadogo zangu wawili katika picha zao za ubatizo. Kitambaa cheupe kimefuliwa na kupigwa pasi. Maua yameongezwa. Na mbele ya kila picha, mshumaa unawaka.

"Ingieni, ingieni," mama akasema. "Mubakie karibu. Leo kilio iko ya batu sita. Mulileta makaa ya mutu moja tu, haitatosha."

Kiongozi wa shirika akajishika kifua. "Mama, ushushe ile picha ya batoto! Unaita kifo!"

"Picha inaua mutu?"

"Habaweki mutu muzima vile!"

"Njo vile. Munajua, basi." Mama aligeuka, akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Mimi niko pale juu, na niko hapa. Batoto biko pale juu, na biko hapa, munaweza kubagusa. Kama maua haikutuua sisi, haikumuua na yeye. Siku mutaniletea mutu mwenye alimuona amekufa na macho yake, nitamulilia kuliko nyinyi bote. Mbele ya ile siku, hakuna mutu atanyoa kichwa yangu."

Baba mkubwa aliomba maji, akanywa, akanitazama mimi, kisha akaitazama picha yangu, kisha mimi tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi, tutangoya." Aliondoka na mbuzi wake, na yule ndiye mbuzi pekee niliyewahi kumwona akitoka salama kwenye kilio.

Ushindi ulikuwa wa mama. Mimi niliogopa. Kila homa iliponishika niliinua macho kuangalia kama nimebadilika kule juu, na niliona aibu kwa wenzangu wa shule walioacha kuja kwetu kucheza. Niliwahi kumwomba anishushe mimi tu, wengine wabaki. Alinijibu kwamba yeyote atakayeshuka peke yake atakuwa amemwacha baba peke yake. Sikuomba tena, lakini moyoni nilinung'unika, na sijui kama nilikuwa na makosa. Mtoto hapaswi kupewa kazi ya kumzuia mtu asife.

Miaka ikaenda. Mama aliingia biashara, akawa anakwenda Kasindi kuchukua vitenge na sabuni, akirudi juu ya mizigo ya lori, mweusi kwa vumbi. Kila Jumamosi alipanda ngazi na kitambaa akatupangusa nyuso. Alikuwa akimweleza baba habari huko juu: barabara ya Beni imefungwa tena, bei ya maharage imepanda, mtoto wa mwisho amejua kusoma. Mitaa ya chini iliwaka moto mara moja, tukakimbilia mashambani siku kadhaa, tukarudi tukakuta nyumba imesimama na sisi sote tuko mahali petu kule juu. Simu za mkononi zilipofika Butembo alinunua moja kati ya watu wa kwanza, akakaa nayo mapajani. Hakuwa na namba ya kupiga.

Kisha wakubwa wakapatana, nchi ikaunganishwa, ndege zikaanza tena kutua Beni. Mama alinunua mchele na kuuweka. Siku yenyewe tulikuwa uani, yeye na mimi, tunachambua maharage. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Tukasikia ukelele kutoka sebuleni, ukelele wa mtu mzima wa kiume, ambao ni mbaya kuliko mwingine wowote.

Tulimkuta amekaa sakafuni chini ya shubaka, mikono kichwani. Mtu mwembamba, shati la Kinshasa lenye kola kubwa, begi bado begani. Alikuwa anaangalia juu, akitutaja kwa majina mmoja mmoja, na kulia. Alipotuona mlangoni, alirudi nyuma kwa makalio hadi ukutani. Alituogopa.

Mimi sikumtambua. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Juu ya nini unalia mu nyumba yangu?" akamuuliza. "Simama, baba ya batoto. Umefika."

Mchele ukapikwa. Mtaa ukajaa, wanawake wa shirika wakaja na nyimbo nyingine kabisa, baba mkubwa akashuka kutoka Vuhovi akamkumbatia mdogo wake hadi tukadhani watavunjana mbavu. Mama alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani. Nilikuwa sijawahi kumwona mzuri vile, na nilifurahi hadi nikaumwa kichwa. Ila ukelele ule ulinikaa masikioni. Mtu anayerudi kwake akikuta picha zimepambwa, huuliza kwanza. Yeye hakuuliza.

Mama naye alikuwa ameliweka jambo hilo moyoni. Siku chache baadaye, wageni walipopungua, alimkalisha baba kwenye kiti, sisi tukiwa tunasikia, akamwambia aeleze.

Baba alieleza akiitazama sakafu. Mwaka wa pili wa vita, mfanyabiashara mmoja aliyetoka kwetu alipenya Uganda na Kenya hadi akafika Kinshasa, akala kiapo kwamba mtaa wetu umeteketea na hakuna aliyepona. Watu wa Butembo waliokuwa Kinshasa walimjia. Wakakaa matanga.

"Bya nani?" mama akauliza.

"Byenu. Byenu bote."

Mama akaanza kuuliza, kama mtu anayeulizia harusi ambayo hakuhudhuria. "Nani aliimba?"

"Bamama ba kwetu, bale biko kule."

"Baliimba muzuri?"

"Baliimba muzuri."

"Chakula ilitosha?"

"Ilitosha."

"Ulinyoa?"

"Nilinyoa."

"Na kisha?" Baba akaendelea kuitazama sakafu. "Na kisha, baba ya batoto?"

"Kisha balinipatia bibi ya kuoa."

"Na hapa ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kuona makaburi yenu," baba akasema. "Na kuuzisha parseli."

Nilimchukia. Najua alidanganywa, najua alilia kweli, najua alikuwa peke yake katika mji usio wake na mtu amekula kiapo mbele yake. Bado nilimchukia. Sisi tulikikataa kifo chake, tukapanda juu sote na nyuso zetu ili asife. Yeye chetu alikipokea pamoja na makaa yake, akala, akanyoa, akamaliza.

Mama aliinuka, akaleta ngazi mwenyewe, hakutaka mtu aishike. Alitushusha wote, na baba pia, akatuweka juu ya meza tumelala chali. Halafu akamgeukia.

"Bibi yako alikufa. Ulimulilia, ulinyoa, ulimaliza. Hiyo sikukatalii. Mimi mwenye niko hapa, bado haujanioa. Kwetu ni Lubero. Njia unaijua, na mbuzi unajua pa kununua."

Baba alidhani anatania. Mama alimtolea begi nje. Baba alikwenda kulala Vuhovi kwa kaka yake, naye baba mkubwa, alipoelezwa, alicheka hadi akakohoa, kisha akasema mwanamke ana haki. Kwanza baba alipiga simu Kinshasa kwa yule mwanamke mwingine. Waliyoambiana siyajui, ila alitoka kwenye simu ile ameinamisha kichwa na hakula siku nzima. Kisha ndugu hao wawili wakazunguka kutafuta mbuzi.

Tulikutana Lubero, nyumbani kwa wajomba zangu, katika baridi ile inayokufanya ushike kikombe kwa mikono miwili. Mshenga wa baba alikuwa baba mkubwa, yuleyule aliyetaka kumnyoa mama, na alizungumza vizuri sana. Mbuzi walikuwa wamefungwa uani. Mjomba mkubwa akasimama, akamwita mama katikati, akamuuliza mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka:

"Huyu mutu, unamujua? Tukule mbuzi yake?"

Bibi harusi hujibu upesi, sauti ndogo, macho chini. Mama alimtazama baba usoni.

"Mimi namujua," akasema. "Ile miaka yote, hakuna siku moja sikumujua. Mumuulize yeye kama ananijua."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa harusi ya watu wazima. Kisha wakamtazama baba, wakaacha kucheka. Alikuwa amesimama, mdomo wazi, machozi yanamtoka, na neno halitoki. Mjomba alimuuliza. Hakuweza. Akamuuliza tena.

"Namujua," baba akasema.

"Sikusikia," mama akasema.

"Namujua!"

"Basi kuleni," mama akawaambia kaka zake. Na hapo akalia, amesimama vilevile katikati ya ua, akalia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile ambacho hatukuwahi kukisikia hata siku moja, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.